Nyoka Akisusa Chakula, Anza na Joto

Vijana, mifugo ikisusa tu, mnakimbilia kuilisha kwa nguvu. Kwa chatu aliyeokolewa, mimi napinga kabisa. Nyoka hupata joto kutoka nje ya mwili. Akiwa na baridi, chakula hakisagiki, anakitapika na kuzidi kudhoofika.

Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayefugwa sana majumbani, mpe upande wa nyuzi 32 na mwingine 26, maji na pa kujificha. Usimshikeshike wiki nzima. Kisha jioni mpe panya aliyekufa, vuguvugu, asiyemzidi unene. Akikataa, mtoe, subiri wiki nyingine. Mpime uzito, ukishuka, muite daktari wa mifugo. Chatu mzima mwenye afya huweza kukaa miezi bila kula. Haraka zako ndizo zitamuua, siyo njaa.