Lijue Jiwe Lililo Chini ya Jembe Lako

Ndugu mkulima, siku utakapofika Mombasa kwa shughuli zako, pita Mji wa Kale uzitazame kuta za nyumba, hasa pale chokaa ilipobanduka. Utaona mawe meupe yenye vitundu vitundu. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imejengwa kwa mawe ya namna hiyo, na imesimama juu ya mwamba wa namna hiyo hiyo. Hayo ni matumbawe. Yalijengwa na viumbe vidogo vya baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Kisha bahari ikashuka, kisiwa kikabaki. Moto haukuhusika hata kidogo.

Huko bara tulikogawiwa mashamba, mawe mengi yalizaliwa na moto. Nataka tulinganishe mawili.

La kwanza ni itale. Hili lilikuwa uji wa moto uliopoa polepole sana chini ya ardhi, hata chembe zake zikapata nafasi ya kukua. Ukilivunja utaziona kwa macho, nyeupe na za kumetameta. Mawe makubwa ya Kit Mikayi, karibu na Kisumu, ni ya jamii hii.

La pili ni basalti. Uji wake ulitoka juu ya ardhi ukapoa upesi, chembe zisikue. Jiwe lake ni jeusi na zito. Liko katika vilima vya Chyulu na katika mawe ya Shetani huko Tsavo Magharibi. Hata watu wa Mombasa wanafaidika nalo, kwani maji ya chemchemi za Mzima wanayoletewa kwa bomba ni mvua iliyochujwa na mawe ya Chyulu.

Basi, haya yanakuhusu nini? Yanakuhusu sana. Itale ikioza hutoa udongo wa mchanga, mwepesi, usioshika maji wala chakula cha mimea kwa muda mrefu. Basalti ikioza hutoa udongo mwekundu, mzito, wenye kina. Lakini udongo huo huweza kuikamata fosfeti ya mbolea, mahindi yako yasiipate. Tena mvua nyingi huweza kuutia udongo wowote kati ya hizo asidi.

Kwa hiyo nasema wazi: kumwiga jirani katika kununua mbolea ni kutupa fedha. Huenda yeye analima juu ya basalti, nawe juu ya itale, na mpaka wenu ni ua tu. Wengine husikia kwamba chokaa huondoa asidi, wakaimwaga shambani bila kipimo. Ni kweli huiondoa. Lakini mwenye shamba la pwani juu ya matumbawe tayari ana chokaa tele, na akiongeza ataharibu.

Fanya hivi. Kabla ya msimu, chukua udongo mahali pengi shambani, uuchanganye, umpelekee bwana shamba ili upimwe. Gharama yake ni ndogo kuliko mifuko ya mbolea isiyofaa. Samadi usiiache, maana inafaa udongo wote wawili. Shamba hili ndilo urithi wa watoto wako. Usililime kwa kubahatisha.