Mambo ya Shamba na Nyumba: Miezi ya Dhiki Hujulikana Mapema

Kila mwaka, mwezi wa Mei ukiingia, malalamiko juu ya bei ya chakula husikika katika masoko yote ya pwani, tangu Mtwapa hata Marereni. Bibi aliyezoea kununua pakiti ya unga ya kilo mbili hununua ya kilo moja. Aliyezoea kilo hupimiwa kikombe. Na mafuta ya kupikia hununuliwa ya kutosha chungu kimoja tu. Wengine husema ya kwamba wenye maduka wamezidi choyo, wengine husema ya kwamba Serikali imelala. Yawezekana lawama hizo zina ukweli wake. Lakini liko jambo ambalo halizungumzwi sana, nalo ni kwamba dhiki ya pwani si mgeni aingiaye bila kubisha hodi. Ina miezi yake, na miezi hiyo inajulikana.

Katika nchi ya Malindi na Kilifi, nyumba nyingi hupata riziki kwa milango mitatu: shamba, bahari na kibarua. Ajabu ni kwamba milango hiyo mitatu hufungwa kwa wakati mmoja. Mvua ya masika huanza mwishoni mwa Machi au mwezi wa Aprili. Mahindi hupandwa, wala hayavunwi mpaka Julai na Agosti, na huku mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha. Wakati huo huo kusi huanza kuvuma, bahari huchafuka, na mvuvi mwenye mtumbwi au dau dogo hawezi kupita nje ya mwamba kila siku kama afanyavyo wakati wa kaskazi. Tena ndio wakati ambapo wageni wa Ulaya hupungua katika hoteli za Malindi na Watamu, na vibarua wengi wa hoteli hurudishwa makwao kungoja msimu mwingine. Juu ya hayo yote shule hufunguliwa kwa muhula wa pili, na karo hutakiwa.

Ndiyo sababu pakiti ile ile ya unga, kwa bei ile ile, huwa nyepesi mwezi wa Januari na nzito mwezi wa Mei. Bei iliyoandikwa dukani ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mkono wa mnunuzi siku ile, una nini ndani yake. Watu waliliona hilo waziwazi mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga hoteli tangu mwezi wa Machi. Mlango wa kibarua ulifungwa, na haukufunguka kwa miezi mingi.

Yafaa ikumbukwe ya kwamba nchi hii haikuwa siku zote nchi ya kununua chakula. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498, aliondoka na vyakula pamoja na rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Katika karne ya 19, baada ya mji kufufuliwa chini ya utawala wa Zanzibar, mtama na ufuta wa Malindi ulipakiwa katika majahazi kwenda Zanzibar na Arabuni. Ni kweli ya kwamba mavuno hayo yalitoka katika jasho la watumwa, wala hakuna mwenye akili atamaniye siku hizo zirudi. Lakini Wagiriama pia, ambao walilima kwa mikono yao wenyewe, walikuwa wakiuza mahindi yao kwa wafanya biashara wa pwani. Mwaka 1914, baada ya upinzani ambao jina la Mekatilili wa Menza halitengani nao, Serikali ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu katika mashamba yao mazuri yaliyo kaskazini ya mto Sabaki. Basi, udongo ulioweza kulisha watu wa ng’ambo ungali pale pale. Kilichobadilika ni nani aushikaye na jinsi autumiavyo.

Leo chungu cha pwani huchemka kwa amri ya watu wa mbali. Mwezi wa Februari 1922 au wa 1952, vita vya nchi ya ngano visingalimfikia mpika maandazi wa Kaloleni upesi. Februari 2022, Urusi ilipoishambulia Ukraine, bei ya ngano ilipanda duniani kote. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Indonesia ikazuia mafuta ya mawese yasiuzwe nje kwa majuma kadha wa kadha, na Kenya hununua mafuta hayo kwa wingi. Mwezi wa Julai 2023 Bara Hindi ikakataza mchele wake mweupe wa kawaida usitoke, na katazo hilo halikuondolewa mpaka mwaka 2024. Katika nchi ambayo wali ni chakula cha heshima, habari hiyo haikuhitaji kusomwa gazetini. Ilisomwa katika kipimo.

Serikali imejaribu mara kwa mara kuushika mkono wa bei. Mwaka 2017 pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili iliamriwa iuzwe kwa shilingi 90. Mwezi wa Julai 2022, bei ilipokuwa imepita shilingi 200, iliamriwa ishuke mpaka shilingi 100. Maduka mengi yaliishiwa na unga huo kabla watu hawajashiba, na mpango wenyewe haukudumu. Msaada wa namna hiyo ni kama mwavuli wa kuazima: wafaa wakati wa mvua, lakini mwenyewe huja kuutaka.

Hebu itazamwe sasa hesabu ya nyumba moja, iwe kama mfano. Mkulima avuna mahindi mwezi wa Agosti. Ana deni la duka na karo, kwa hiyo auza gunia moja la kilo 90 kwa shilingi 30 kila kilo, apata shilingi 2,700. Mwezi wa Mei arudi sokoni kununua unga, na bei ni shilingi 70 kila kilo. Shilingi zile 2,700 zitampa kilo zisizofika 39. Ikiwa nyumba yake hula kilo mbili kwa siku, gunia alilouza lingemlisha siku 45. Fedha alizopata zamlisha siku 19. Siku 26 zimepotea, wala hakuna mwizi aliyeingia. Hata ukitoa gharama ya kusaga, tofauti yabaki kubwa. Mtu huyo hakulima vibaya. Aliuza chakula wakati kilipokuwa rahisi akakinunua wakati kilipokuwa ghali.

Ni rahisi kusema, “Asiuze.” Lakini mkulima wa pwani ana sababu ya kuuza mapema, nayo ni fukusi na dumuzi. Hewa ya pwani ina joto na unyevu, na mahindi yasiyotunzwa huwa vumbi katika miezi michache. Wazee waliyaweka katika uchaga ulio juu ya meko, ambao Wagiriama huuita lutsaga, ili moshi uwafukuze wadudu. Njia hiyo bado ni njema kwa mahindi ya kiasi. Siku hizi iko pia mifuko isiyopitisha hewa: mahindi yakikaushwa vema na mdomo wa mfuko ukifungwa barabara, wadudu waliomo ndani hufa kwa kukosa hewa, pasipo dawa yo yote. Sharti ni kukausha. Mahindi yenye maji huota ukungu, na ukungu huo huweza kuleta sumukuvu ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004, huko Ukambani, watu 125 walikufa kwa sumu hiyo. Basi mahindi na yaanikwe juu ya turubai au jamvi, si juu ya ardhi tupu, na yaliyooza yatengwe yasiliwe.

Vyama vya akina mama, ambavyo vimeenea katika kila kijiji, vyaweza kusaidia hapa. Chama kilichozoea kugawana fedha kila mwezi kingeweza kuweka sehemu ya fedha hizo mpaka Agosti, kikanunua magunia kwa bei ya mavuno, kikayahifadhi, na kuwagawia wanachama mwezi wa Mei. Faida ambayo ingekwenda kwa mchuuzi ingebaki jikoni.

Tena, si chakula chote kinachohitaji ghala. Muhogo ghala yake ni ardhi. Uliopandwa kwa masika ya mwaka huu huweza kuwa tayari kabla ya masika ya mwaka ujao, nao hungoja mpaka utakiwe. Wala haufi upesi kwa jua kama mahindi. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilipungua mfululizo, na sehemu za Ganze na Magarini ziliona mahindi yakikauka kabla ya kuchanua. Watu wengi hupenda muhogo uitwao Kibandameno kwa utamu wake, lakini huo hushikwa sana na maradhi ya batobato na michirizi ya kahawia. Maradhi haya ya michirizi yalielezwa na wataalamu wa Amani, katika Tanganyika, tangu miaka ya 1930. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa kimetoa mbegu zinazoyastahimili zaidi, zikiwa na majina kama Karembo, Tajirika, Karibuni, Shibe na Siri. Moja ilipewa jina la Nzalauka, ambalo kwa lugha ya Wamijikenda ni kuiambia njaa, “Ondoka!” Mkulima asichukue vijiti kutoka shamba lenye majani yaliyojikunja, kwa maana akifanya hivyo hupanda ugonjwa pamoja na mbegu.

Kadhalika, nyumba yenye minazi michache haina haja ya kulia kila mafuta ya mawese yapandapo bei. Tui la nazi hutia mafuta na ladha katika kunde, samaki na wali. Lakini mnazi unaogemwa tembo hauzai nazi katika makuti yale yale ya maua, na fedha za tembo hupendeza kwa kuwa huja leo. Mwenye minazi kumi na aamue mapema ni mingapi ya mgema na ni mingapi ya mpishi. Mvua zikinyesha, mchunga, mnavu, mchicha na majani ya kunde huota karibu na nyumba, na baadhi ya vijana huyaona kuwa ni chakula cha maskini. Sima yenye mboga hizo na kitoweo kidogo cha dagaa au pojo humjenga mtoto kuliko sima yenye chai.

Habari ya mtoto ndiyo kubwa kuliko zote, kwa maana mtu mzima akikonda hunenepa tena, lakini mtoto aliyekosa chakula katika miaka ya kwanza huweza kuichukua hasara hiyo maisha yake yote. Hospitali ya Kilifi ni mahali palipofanyika uchunguzi uliosaidia kuonyesha ya kwamba utepe mdogo wa kupima mzunguko wa mkono wa juu waweza kumtambua mtoto aliye hatarini. Mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano ambaye mkono wake haufiki sentimeta 11.5 ana utapiamlo mkali, na yapasa apelekwe kwa mganga bila kungoja. Wahudumu wa afya wa vijijini wanazo tepe hizo. Mzazi asione haya kuomba mtoto wake apimwe mwezi wa Mei; haya ni ya kumficha.

Hata hivyo, si haki kumbebesha mwenye nyumba mzigo wote. Liko jambo la ardhi. Tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, watu wengi wa ukanda wa pwani wamelima mahali ambapo jina lao halikuandikwa, na mtu anayeogopa kufukuzwa hapandi mnazi wa kumlisha mjukuu. Hupanda mahindi ya miezi mitatu, akitazama barabarani. Liko pia jambo la maji. Mpango wa makazi wa Magarini, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Australia, ulishindwa kutimiza ahadi zake kwa kuwa maji yalikuwa haba na udongo haukufaa kilimo kilichokusudiwa. Mwaka 2014 ulizinduliwa mradi wa Galana Kulalu, wenye ndoto ya kumwagilia ekari 1,000,000, ukaanza na shamba la mfano la ekari 10,000. Mwaka 2019 kampuni ya kigeni iliyopewa kazi iliondoka, na ndoto ile ya ekari milioni haijatimia.

Mambo hayo ya hati na mifereji ni wajibu wa Serikali, ya Taifa na ya Kaunti, na wananchi wana haki ya kuyadai bila kuchoka. Lakini kesi ya ardhi huchukua miaka, na mtoto hula leo. Kwa hiyo, wakati madai hayo yakiendelea, kila nyumba na ihesabu mwezi wa Agosti magunia itakayohitaji mpaka Julai, itenge yake kwanza, kisha iuze kilichobaki. Asiyekuwa na shamba na aweke akiba kidogo kila mwezi wa kaskazi, hoteli zikiwa zimejaa na samaki wakiwa wengi, kwa maana kusi haijapata kukosa kuja. Akiba haiozi, walisema wazee. Nao walisema hivyo katika pwani hii hii ambapo kila kitu kingine huoza upesi.