Kabla ya kuwasha bafle, uliza nani analala ng'ambo ya ukuta

Leo siandiki juu ya barabara wala juu ya umeme. Naandika juu ya miziki tunayopiga kwenye ndoa, kwenye kilio, kwenye ubatizo na kwenye karamu ya mtoto aliyepata diploma.

Najua wengine watasema ni jambo dogo. Mji huu ndipo walipozaliwa Abeti Masikini na Koffi Olomide, basi nani atatufundisha kucheza? Tena rumba yetu iliingizwa na UNESCO mwezi wa Desemba 2021 kati ya urithi wa dunia nzima. Kweli kabisa. Ila mtu anaweza kupenda muziki sana na bado akauchagua vibaya, na hapa kwetu Barumbu tunauchagua vibaya.

Tuseme wazi: nani anachagua? Familia inakaa vikao wiki nyingi. Inahesabu kreti za bia, inabishana juu ya rangi ya kikwembe, inapima mchele na samaki, inajua hata nani atakaa karibu na wakwe. Muziki hauna kikao. Siku yenyewe anafika kijana wa sono na flashi yake mfukoni, na yaliyo ndani ya flashi ndiyo yatakuwa ndoa yenu. Maarusi wanaingia kwa wimbo wa kanisa, nusu saa baadaye ni ndombolo, kisha nyimbo za Nigeria, na wazee waliotoka mbali wanakaa kwenye viti vya plastiki wakitazama vidole vyao.

Nani anasikiliza maneno? «Mario» ya Franco, ya mwaka 1985, bado inapigwa kwenye ndoa na watu wanainuka kwa shangwe. Ni wimbo wa kijana anayelishwa na mwanamke mwenye mali na hataki kufanya kazi. Mimi pia naucheza, gitaa lake halikatai mtu. Lakini kuupiga wakati bwana arusi anatoa mahari ya mwisho mbele ya wakwe, hapo sijui mwenye sono anataka kusema nini.

Hilo ni la kucheka. Lingine si la kucheka.

Tangu Februari 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola, yaliyotokana na ugomvi wa ardhi, yalifukuza watu wengi sana kutoka vijiji vyao. Walilala kwenye shule, kwenye makanisa, kwa jamaa. Wapo wenye kilio ambacho hawakukifanya, kwa sababu maiti ilibaki nyuma. Sasa weka bafle nne kwenye ukuta wa familia kama hiyo, toka Ijumaa jioni hadi Jumapili asubuhi, halafu uongeze fataki wakati wa kukata keki. Watoto wanajificha chini ya kitanda. Na si watoto wao peke yao: wenyeji wa Kisangani waliopitia vita vya siku sita, toka tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, wanajua vizuri kwa nini moyo unaruka kabla ya akili kusema ni keki tu. Kwa fataki sina majadiliano: ziachwe.

Kwa muziki ninayo, na marefu. Wazee wa mto wanakumbuka ngoma ya Walokele, ule mti uliochongwa ndani, wenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Mmisionari John Carrington, aliyekaa Yakusu, hapa chini ya mto tu, alijifunza kuipiga na akaandika kitabu juu yake mwaka 1949. Alieleza kwamba maneno mengi ya Kilokele yana sauti sawa, kwa hiyo mpigaji hakusema neno moja akanyamaza. Alilizungushia sentensi ndefu hadi msikilizaji wa kijiji cha pili asikosee. Mtu akifa, ngoma ilisema amekufa. Mtoto akizaliwa, ilisema amezaliwa. Aliyekuwa kwenye mtumbwi alijua, kabla ya kufika pwani, kama aingie akicheka au akiwa kimya.

Bafle ya leo ina nguvu kuliko ngoma ile na inasema kidogo zaidi. Unasikia bum-bum kutoka parsele ya tatu, hujui kama wanaoza binti au wanamlilia baba. Mara nyingine hata ukifika hujui, maana kwenye kilio nako, kwaya ikichoka usiku wa manane, vijana wanaingia na nyimbo za matusi, na mjane amekaa pale pale kwenye mkeka. Hilo tunalizoea na tusingelizoea.

Basi naomba ngoma irudi kwa njia nyingine. Mwenye sherehe atume mtoto siku mbili mbele, apite kwa majirani aseme: Jumamosi tunaoza, tutapiga hadi saa nne ya usiku. Na mtoto aulize: kwenu kuna kilio? Kama kipo, bafle zigeuzwe upande mwingine, zipunguzwe, au wenye ndoa na wenye kilio wagawane saa. Haigharimu hata franka.

Sasa nyimbo za kabila. Nimesikia watu wenye nia nzuri wakisema zikatazwe zote, za Wambole na za Walengola, ili amani ikae. Sikubaliani nao. Mtu aliyeacha nyumba, shamba na mbuzi alikuja na nini? Watoto na nyimbo. Mama anayesikia wimbo wa kwao kwenye ndoa ya ugenini anainuka, anafunga kikwembe vizuri, na kwa dakika tano si «mtu wa msaada», ni shangazi wa maarusi. Ukimnyamazisha, umemfukuza mara ya pili. Tena kuna nyumba ambamo baba ni Mbole na mama ni Lengola. Hao utawakataza upande gani?

Cha kukataza ni wimbo unaotukana wengine au kujisifia waliouawa. Na mwenye sono hawezi kuujua kama haelewi lugha. Kwa hiyo mzee mmoja wa kila upande akae naye mchana, wasikilize pamoja, na wimbo wa upande mmoja ukipigwa, wa upande wa pili ufuate. Papa na mama wa namna hiyo hawakosekani hapa Barumbu, hatuwaombi tu.

Kuna na ile habari ya kutupia watu majina kwenye maikro, mabanga. Mwenye sono anamwita fulani, fulani anatoa noti, anaitwa tena. Anayelala kwa jamaa na kula mara moja kwa siku akiitwa mbele ya watu, atoe nini? Nimeona wanaume wakitoka ukumbini kabla ya chakula kwa sababu hiyo tu. Majina yaitwe bure au yasiitwe.

Kijana wa sono atanijibu kwamba naye anatafuta maisha, kwamba umeme wa Tshopo haufiki na jenereta inakunywa mafuta, na kwamba anapiga kwa nguvu ili apate kazi ya Jumamosi nyingine. Ana haki. Basi alipwe kwa kupiga vizuri, na si kwa kupiga usiku kucha: saa chache, mafuta machache. Wenye sono wa Barumbu, nileteeni bei yenu ya kupiga toka saa nane mchana hadi saa nne ya usiku, na familia zitaisoma hapa kabla ya kupanga ndoa za mwezi ujao.