Mnunuzi Hanunui Kinywa

Wako wasemao kuwa mwimbaji aliyetajirishwa na wasikilizaji wake hana haki ya kutamka jambo lisilowapendeza. Hoja hii ina sura ya adabu, lakini ndani yake mna utumwa.

Na ipimwe kwa mfano wa Dixie Chicks, bendi ya muziki wa kantri ya Marekani, ambayo tangu 2020 huitwa The Chicks. Albamu yao Home, ya mwaka 2002, ilinunuliwa kwa mamilioni. Machi 2003, vita vya Iraki vikikaribia, mwimbaji wao Natalie Maines alisema jukwaani London kwamba waliona haya Rais Bush kuwa mtu wa Texas, jimbo lao. Punde vituo vingi vya redio viliacha kupiga nyimbo zao, na mahali pengine diski zilikusanywa zikapondwa kwa trekta. Nyimbo zilikuwa zile zile; hapana sauti iliyopotoka wala uzi wa gitaa uliokatika.

Lufingo, wilayani Rungwe, neno hili halihitaji mfasiri. Anunuaye mkungu wa ndizi kwa mkulima huupakia akaenda zake; bei aliyotoa haimpi amri juu ya maneno ya mkulima mkutanoni. Akichukizwa, yu huru kununua kwa jirani. Lakini hana haki ya kuziba njia ili wengine wasifike sokoni. Kukataa ni haki ya mnunuzi. Kunyamazisha si haki ya mtu yeyote.

Wala haifai kuwacheka Wamarekani. Machi 2017, Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake Wapo, na Baraza la Sanaa la Taifa likaupiga marufuku. Mara akaachiliwa, na wimbo ukaruhusiwa, kwa agizo la Rais Magufuli, ambaye ulimpendeza. Wengi walishangilia. Lakini wimbo uliofunguliwa kwa sababu umempendeza mkubwa haujawa huru bado. Ufunguo ungali mkononi mwake.

Msema kweli hana wajoli, wahenga walinena. Mwaka 2007 bendi ile ilipata tuzo tano za Grammy, na watetezi wake wakazitaja kuwa ushahidi. Huo nao ni udhaifu wa hoja. Kama mauzo hayaondoi haki ya kusema, tuzo nazo haziileti. Wangalikosa zote, kinywa kingalikuwa chao vile vile.