Mvuvi yuko dago, mali yake iko kwa nani?

Mvuvi wa Kojani akienda dago, yaani kambi ya uvuvi, haendi kwa siku moja. Hubeba sufuria, unga, chumvi, mkeka na nyavu, akapiga kambi Misali au kisiwa chengine chenye ufukwe wa kulala. Wengine hufika Mafia na pwani ya Kenya, wakakaa wiki kadhaa wakifuata upepo na samaki. Nyuma yake, dikoni, pale vyombo vinapoegesha, hubaki chombo kilichomleta: baiskeli, vespa, pikipiki. Kwa Mkojani jambo ni zito zaidi, maana kijiji chake kiko kisiwani na kimebanana nyumba, hakina nafasi ya magari. Mwenye chombo cha moto hulazimika kukilaza ng'ambo, upande wa kisiwa kikuu cha Pemba, na huko ndiko mwizi anakokikuta.

Msikilize mvuvi aliyerudi akakuta pikipiki yake haipo, utasikia hasira mbili. Ya kwanza ni ya wizi. Ya pili, iliyo kali zaidi, ni ya jibu analopewa anapokwenda kushitaki: kwa nini uliiacha? Kila mtu alinde mali yake. Maneno hayo yamezoeleka madikoni mpaka yanasemwa kama kwamba ni sheria. Si sheria. Ni kujivua dhamana, na hapa Pemba hayana udhuru hata kidogo, kwa sababu serikali ilishaonesha kwenye fukwe hizihizi kwamba ikitaka kulinda mali, hulinda.

Wizi wenyewe si wa kubahatisha. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, nao huingia baharini mwezi ukiwa giza. Ukipevuka, wengi hupumzika. Mtoto yeyote aliyekulia pwani anajua ni usiku upi diko halina wanaume. Anajua pia kwamba chombo kilichotoka na maji kujaa hakirudi hadi maji yajae tena, kwa hiyo mwizi ana saa zake za uhakika. Kwanza hukata paipu ya mafuta akanyonya petroli ndani ya dumu. Kisha hufungua betri, vioo, taa ya mbele. Akipata nafasi huchomoa waya za swichi, akaziunganisha, akaondoka na pikipiki nzima. Ikifika mafichoni haidumu ikiwa nzima: huchinjwa spea, na spea hazina jina la mtu.

Mashine ya boti nayo ni hivyohivyo, ila hasara yake ni kubwa zaidi. Hukaa nyuma ya chombo kwa vibano viwili tu, na watu wawili wenye nguvu huibeba begani hadi barabarani kabla ya alfajiri.

Tangu Rais wa Zanzibar, Hussein Ali Mwinyi, aingie madarakani Novemba 2020, uchumi wa buluu umekuwa wimbo wa kila mkutano. Boti za faiba zimegawiwa kwa mamia Unguja na Pemba, wavuvi na wakulima wa mwani wamepewa mikopo isiyo na riba, na Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, umepewa kazi ya kuisimamia. Hilo ni jema, na wapo waliotoka kwenye ngalawa ya tanga wakaingia kwenye boti ya mashine kwa mpango huo. Lakini kumpa mtu mashine kwa deni, kisha kumwambia ailinde mwenyewe usiku ambao yeye yuko baharini akitafuta fedha za kulipa deni hilo, ni kumtwisha mzigo asioweza kuubeba. Mashine ikiibwa, deni haliibwi pamoja nayo.

Wenye kutetea hali ilivyo wana hoja zao. Polisi ni wachache, madiko ni mengi, na pwani ya Pemba imejaa ghuba, mikoko na bandari bubu ambazo hata wenyeji hawazimalizi kuzihesabu. Wanasema pia kwamba wavuvi wengine ni wazembe, huacha ufunguo mahali pake, na kwamba kamati za uvuvi za shehia zingeweza kuchanga fedha za kumlipa mlinzi. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Mvuvi afunge chombo chake, hakuna anayebisha.

Ila hoja ya wingi wa ghuba na uchache wa askari inavunjika mtu anapotaja karafuu.

Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba, na kwa miaka mingi jahazi na boti zimekuwa zikizivusha kwa magendo kwenda Shimoni na pwani nyengine ya Kenya. Njia zao ni ghuba hizohizo, mikoko hiyohiyo, usiku uleule wa giza. Serikali haikusema kila mtu alinde karafuu zake. Enzi za Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Karume, magendo hayo yaliwekewa hadi adhabu ya kifo. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililoundwa mwaka 1968, likafanywa mnunuzi pekee. Mwaka 2014 ikapatikana sheria mahsusi ya karafuu. Msimu wa mavuno ukifika, polisi, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM) na vikosi vyengine hupanga doria, masheha huitwa vikaoni, na anayesafirisha gunia huulizwa kibali njiani.

Na jambo lenye uzito kuliko yote ni hili: serikali haikuishia kumkimbiza mwizi wa shambani. Ilimfuata mnunuzi. Hata anayekaa kibarazani akinunua karafuu mbichi kwa vikombe kutoka kwa watoto, kikombe kimoja kimoja, huonywa na kusakwa, kwa sababu wakuu wanajua vyema kwamba pasipo mnunuzi wa kikombe hapana mtoto atakayepanda mkarafuu wa mtu. Elimu hiyo wanayo. Wameitumia kwa miongo.

Basi nani amewahi kumuuliza fundi mashine ile aliyoletewa jana, bila risiti na namba imekwanguliwa, aliinunua kwa nani? Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Namba 6 ya 2018, inamtia hatiani anayepokea mali ya wizi kama inavyomtia aliyeiba. Haikosekani sheria. Linalokosekana ni thamani ya mali hiyo machoni pa wakubwa. Karafuu ikivuka bahari, hazina inapungukiwa, na simu zinapigwa. Mashine ya mvuvi ikivuka, anayepungukiwa ni mtu mmoja wa Tumbe au Msuka, mkewe na watoto wake, na anachopewa ni swali la kwa nini aliiacha.

Hapo ndipo subira inapokwisha. Samaki wa mvuvi huyo wanapouzwa mnadani, ushuru hukatwa palepale. Chombo chake kina leseni chini ya sheria ya uvuvi, na anailipia. Haiwezekani akawa raia anapolipa na asiwe raia anapoibiwa. Anayechukua ushuru wa diko amechukua na ulinzi wake. Kama hataki ulinzi, auache na ushuru.

Vifaa vya kazi vipo tayari. Namba ya mashine iandikwe kwenye leseni ya chombo, kazi ya dakika tano kwa ofisa wa uvuvi. Kila diko kubwa, kuanzia Tumbe, Wesha na Mkoani, liwe na banda la kufuli, daftari la kuingia na kutoka, na mlinzi anayelipwa kutokana na ushuru wa hapohapo. Ng'ambo ya Kojani ipewe banda lake kabla ya mahali pengine popote. Mafundi na wauza spea watakiwe kuweka kumbukumbu za wanachonunua, na mizigo inayopanda meli bandarini Mkoani na Wete ikaguliwe kwa orodha ya vilivyoibwa. Doria za karafuu zitaanza tena msimu ujao, zikiwa na magari, mafuta na askari wake. Wakabidhiwe orodha hiyo wakati huohuo wanapokabidhiwa ya magunia.