Njaa Si Dawa ya Unene

Katika madeni yote yanayomkabili binadamu, hakuna lidaiwalo mapema wala mara nyingi kama deni la tumbo. Hudaiwa asubuhi likalipwa, hudaiwa mchana likalipwa, na jua likichwa hudaiwa tena. Watu wa kila nchi na wa kila zama wamelilipa kadiri ya uwezo wao, na aliyeshindwa kulilipa alihesabiwa kuwa mwenye dhiki. Lakini siku hizi limezuka fundisho jipya miongoni mwa vijana. Lasema kwamba deni hili lalipwa vema likilipwa mara moja tu kwa siku. Kwamba atakayekula mlo mmoja kutoka macheo hadi macheo atapungua unene, atapendeza machoni pa watu, na atakuwa bwana wa nafsi yake. Fundisho hili husafiri katika simu za mkononi, hupanda matatu, huingia mabwenini, na limewafikia wanafunzi wa Thika na Ruiru kama lilivyowafikia wa miji mingine. Nataka kulipinga, msomaji wangu, na nataka kulipinga kwa hoja, maana fundisho baya halishindwi kwa matusi.

Mgala muue na haki mpe. Wafuasi wa mlo mmoja hawakuota ndoto mchana. Unene uliozidi kiasi ni balaa ya kweli, na balaa hiyo imekwisha piga hodi nchini mwetu. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliofanywa Kenya mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Unene huo huita kisukari, huita shinikizo la damu, huchosha moyo na kulemea magoti. Ni kweli pia kwamba mtu mzima akila mara moja kwa siku aweza kupungua uzito. Sababu yake haina siri wala muujiza: aliyekuwa akijaza sahani tatu sasa ajaza moja. Amepunguza jumla ya chakula, na mwili umekula akiba yake. Angeweza kuipunguza jumla hiyo hiyo katika milo mitatu, na mizani isingejua tofauti.

Usikubali neno hili kwa kuwa mwalimu amelisema. Liangalie katika kazi ya wataalamu. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika mji wa Guangzhou, nchini China, kwa watu 139 wenye unene wa kupindukia. Wote walipunguziwa chakula kwa mwaka mzima. Nusu waliruhusiwa kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri tu. Nusu ya pili hawakufungiwa saa. Mwaka ulipokwisha, makundi yote mawili yalikuwa yamepungua, wala haikuonekana tofauti ya maana baina yao. Kilichofanya kazi kilikuwa kipimo cha chakula, si saa ya ukutani. Kabla ya hapo, mwaka 2007, wataalamu wa Marekani walitoa habari za jaribio la mlo mmoja wenyewe. Waliwachukua watu wenye afya njema na uzito wa kawaida, wenye miaka 40 hadi 50, wakawalisha kiasi kile kile cha chakula, mara kwa mlo mmoja, mara kwa milo mitatu, majuma 8 kwa kila namna. Katika mlo mmoja mafuta ya mwili yalipungua kidogo, lakini njaa ilizidi, shinikizo la damu lilipanda, na kolesteroli katika damu iliongezeka. Kati ya watu 21 walioanza, 15 ndio waliofika mwisho. Na hao walikuwa watu wazima, wenye viungo vilivyokwisha komaa, chini ya uangalizi wa wataalamu. Wewe wa miaka 15 unayejifanyia jaribio peke yako bwenini, nani anayekuangalia?

Hapa ndipo penye kiini cha neno langu. Mtu mzima na kijana si kitu kimoja. Katika nchi yetu ya kahawa jambo hili halihitaji maelezo marefu. Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa, na huko ndiko ilikotoka mbegu mashuhuri iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 ili ishindane na magonjwa yaliyokuwa yakiangamiza mashamba. Mkulima wa kahawa hupogoa mti uliokomaa. Huukata matawi yaliyozidi, nao hushukuru kwa kuzaa. Lakini hakuna mkulima mwenye akili aingiaye kitaluni na panga. Mche hunyeshwa maji, huwekwa chini ya kivuli, hulishwa na kulindwa, kwa kuwa bado wajenga shina litakaloubeba maisha yake yote. Kijana ni mche. Mifupa yake yakusanya nguvu ambazo itazitumia hadi uzeeni, na sehemu kubwa ya nguvu hizo hukusanywa kabla ya ujana kwisha. Msichana hupoteza madini ya chuma kila mwezi pamoja na damu, naye hana budi kuyarudisha kwa chakula. Mvulana huongeza urefu na misuli kwa kasi ambayo hataipata tena. Sahani moja, hata ikiwa kubwa namna gani, ni taabu kuibeba mizigo yote hiyo. Na tumbo lililokaa tupu mchana kutwa, likifunguliwa usiku, halichagui maharagwe wala mboga. Hukimbilia kilicho karibu, chenye mafuta na sukari, likala kwa pupa hadi kuvimbiwa. Hivyo aliyetoroka ulafi kwa mlango wa mbele huurudia kwa mlango wa nyuma.

Tena mwanafunzi ana kazi, na kazi yake ni kufikiri. Ubongo, ambao ni kiungo kidogo, hutumia kama sehemu moja katika tano ya nguvu zote za mwili uliopumzika. Akiba ya sukari iliyo katika ini hupungua sana wakati wa usiku. Ndiyo maana watu wa kale waliona vema kuamka na kuonja kitu. Anayeikataa staftahi, akakataa na chakula cha mchana, huingia katika somo la hesabu la saa nane akiwa na macho yaliyofumbuka na akili iliyolala. Husoma mstari mmoja mara tatu. Hukasirika bila sababu. Kichwa chamuuma, na mawazo yake yote yamekwenda jikoni. Huyo amejinyima chakula ili awe bwana wa nafsi yake, na mwisho wake amekuwa mtumwa wa tumbo, kwa kuwa mwenye njaa hana wazo jingine ila chakula.

Watetezi wa fundisho hili wana ngao mbili. Ya kwanza ni saumu. Husema: mbona Waislamu hufunga mwezi mzima, nao hawafi? Jibu ni kwamba saumu ni ibada, si dawa ya kukondesha. Ina mwezi wake, ina futari jua linapokuchwa, ina daku kabla ya alfajiri, na sheria yake yenyewe imemsamehe mgonjwa, imemsamehe msafiri, wala haikumlazimisha mtoto ambaye hajabaleghe. Kuikopa heshima ya ibada ili kuipamba tamaa ya kiuno chembamba si haki. Ngao ya pili ni wazee. Husema kwamba babu zetu walikula mara moja, jioni, na walikuwa na nguvu za simba. Waulize wazee wenyewe wa Kiambu na Murang'a. Watakuambia habari za uji uliochukuliwa shambani katika kibuyu, na habari za viazi vitamu na nduma zilizoliwa mchana chini ya mti. Ikiwa babu alikula mara moja tu, basi hiyo ilikuwa siku ya ukame, naye hakuiita elimu, aliiita njaa.

Sasa nakuomba, msomaji, utazame upande ambao simu haikuonyeshi. Mlo mmoja kwa siku si jambo geni Thika wala Ruiru. Wako wanaoufuata kwa miaka bila kusifiwa na mtu. Katika vijumba vya Kiandutu, mjini Thika, wamo wazazi wanaotoka alfajiri kwenda kutafuta kibarua, na wanaporudi jioni ndipo moto huwashwa. Watoto wao hawakuuchagua mlo mmoja. Waliukuta. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Lakini yafaa amjue, hasa wanapokaa katika dawati moja.

Kwa ajili ya watoto kama hao watu wamefanya kazi kubwa. Mwaka 1979 serikali ilianza kuwapa watoto wa shule za msingi maziwa bure, ambayo watu waliyaita maziwa ya Nyayo, na wazee wako hawajasahau ladha yake. Mpango huo ulikoma, lakini haja haikukoma. Mwaka 2012, huko huko Ruiru, mtaalamu wa lishe aitwaye Wawira Njiru, aliyesoma Australia, alianzisha jiko dogo la kuwapikia wanafunzi 25 chakula cha mchana. Jiko hilo ndilo chanzo cha shirika la Food4Education. Leo linawalisha zaidi ya watoto laki 3 kwa siku ya shule. Mzazi huweka pesa kidogo kwa njia ya simu, na mtoto huigusisha bangili yake kwenye chombo, akapewa sahani yake bila mtu kumuuliza kama baba yake anazo au hanazo. Fikiri jambo hili kwa makini. Katika mji ule ule, mtu mmoja amejitaabisha kwa miaka ili mtoto apate chakula cha mchana. Na mtoto mwingine akisukuma pembeni chakula chake cha mchana kwa kuwa mgeni asiyemjua, katika simu, amemwambia ya kuwa ni fahari kukaa na njaa. Mmoja kati ya hao wawili amekosea, wala si yule aliyejenga jiko.

Hapana budi nijibu swali la haki: basi mwenye unene uliozidi afanye nini? Na aanze kwa kutafuta adui wa kweli. Adui si staftahi ya uji wa wimbi, wala si githeri ya mchana. Adui ni soda ambayo chupa yake moja ya mililita 300 hubeba sukari kama vijiko 8 vya chai. Adui ni chipsi za kila jioni, andazi la kila kituo, na pikipiki ya kumchukua kijana mwenye miguu miwili mizima safari ya nusu kilomita. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, iliyokamilika mwaka 2012, imetupunguzia mwendo wa gari. Haikutuamuru tuache mwendo wa miguu. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mwenye miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili wake kwa muda wa dakika 60 kila siku kwa wastani. Cheza mpira, ruka kamba, lima, chota maji, tembea. Kula mara tatu, lakini kula kwa kiasi: maharagwe, mboga za majani, ugali wa kutosha pasipo kurundika, yai au maziwa yakipatikana, parachichi na nanasi ambazo nchi yetu imebarikiwa nazo. Lala mapema. Na ukiona uzito wako wakutia hofu, nenda zahanati ukapimwe na mwenye ujuzi. Aliye na kisukari na anayetumia dawa aweza kuanguka na kuzimia kwa kujinyima chakula. Huyo asithubutu kubadili mlo wake bila neno la daktari.

Limebaki jambo moja, nalo ni chungu. Wengi wanaojinyima chakula hawakuanza kwa hesabu ya uzito. Walianza kwa neno. Mtu aliwacheka mbele ya wenzao. Alilinganisha miili yao na gunia au na fimbo. Nao wakaondoka na jeraha ambalo hawakulionyesha kwa mtu. Wengine miongoni mwao hawana unene wowote, ila wauona katika kioo kwa sababu ya lile neno. Ikiwa wewe ndiwe uliyecheka, acha, kwa maana ulimi wako waweza kumwondolea mwenzako sahani mdomoni. Na ikiwa wewe ndiwe uliyechekwa, jua kwamba mwili wako bado wajengwa, na jengo lisilokwisha halihukumiwi. Ukihisi kwamba woga wa chakula umekushinda, mwambie mama, au mwalimu, au muuguzi. Kusema si aibu.

Nanasi la Thika hukaa ardhini miezi 18 hivi kabla ya kuvunwa, na siku zote hizo hulishwa na kupaliliwa. Anayelinyima maji ili lipendeze upesi hatavuna ila majani makavu. Nawe una miaka michache tu ya kujenga mwili na akili utakavyovitumia miaka yote iliyobaki. Chukua sahani yako, ule kwa kiasi na kwa shukrani. Kisha inuka, ukatembee, ukasome. Na ukimwona mwenzako hana sahani, mgawie.