Mafumbo ya Namba

Mwalimu aandika ubaoni: 2, 4, 8. Auliza: Namba gani inafuata? Wengi wajibu 16, kwa sababu kila namba ni mara mbili ya ile iliyotangulia. Lakini mtoto mmoja ajibu 14, na wenzake wamcheka. Wamcheka bure! 2 na 2 ni 4. 4 na 4 ni 8. 8 na 6 ni 14. Yeye ameongeza 2, kisha 4, kisha 6. Kanuni hiyo ameitunga mwenyewe, na namba zote tatu zinaifuata. Kumwandikia kosa si haki, maana fumbo halikutaja kanuni inayotakiwa. Afadhali aulizwe amepataje jibu lake.

Lakini kuna namba zinazotoka katika kitu cha kweli, nazo hazingoji mtu atunge apendavyo. Mwanafunzi achore duara kubwa, atie alama 2 ukingoni, aziunganishe kwa mstari ulionyoka. Duara limekatika vipande 2. Kwa alama 3, kila moja ikiunganishwa na zote, atapata vipande 4. Kwa alama 4, vipande 8. Kwa alama 5, vipande 16. Na kwa alama 6? Mvivu ataandika 32 mara moja. Mwenye subira atachora, akiangalia sana mistari mitatu isikutane mahali pamoja, kisha atahesabu: vipande 31. Ahesabu tena hata mara kumi, ni 31 tu.

Wataalamu nao walinaswa. Pierre de Fermat, hakimu wa mji wa Toulouse katika Ufaransa, aliyekufa mwaka 1665, alitazama namba hizi: 3, 5, 17, 257, 65537. Ili kupata inayofuata, mtu hutoa 1, huzidisha kinachobaki kwa chenyewe, kisha huongeza 1. Zote tano hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat akasadiki kwamba zote zitakazofuata zitakuwa vivyo hivyo. Kubahatisha kwake kulikuwa kuzuri. Kusadiki ndiko kulikokuja mapema mno. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mtu wa Uswisi, alionyesha kwamba namba ya sita, 4294967297, inagawanyika kwa 641. Jibu ni 6700417, wala hakibaki kitu.